Gundu langu la dadu na mapigano ya Tanga

Nina gundu la dadu. Wanaonijua hawabishi, hata mama mzazi. Tukicheza ludo, wenzangu wanatoa sita, kete zao zinatoka, zinazunguka ubao mzima na kufika nyumbani, na zangu zote nne bado zimefungiwa ndani. Shangazi yangu wa Bagamoyo alishanipa dawa: nikaoge baharini alfajiri, nisijifute, nisiseme na mtu njiani mpaka nifike kwangu. Nilikwenda Coco. Nikarudi na chumvi mwilini na gundu langu palepale.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe manowari, meli za mizigo na askari 8,000, umwambie akaiteke Tanga.

Kwa asiyejua tunachocheza: ni vita vya mezani. Uwanja ni meza, askari ni visanamu vidogo, mwendo unapimwa kwa rula, na risasi zinaamuliwa na dadu. Watu wengi wakiona hudhani tumekosa kazi, na mama mkwe wangu alishawahi kusema hivyo waziwazi. Lakini mchezo wenyewe una umri. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, dola la Kijerumani la zamani, Georg von Reisswitz, alilipelekea jeshi la kwao mchezo wa ramani na vipande vya rangi uliotokana na ule wa baba yake, nalo likaupokea kufundishia maofisa. Ndani yake kulikuwa na dadu. Wale hawakuwa watu wa mzaha, ila walijua kwamba amri nzuri inaweza kutolewa asubuhi na jioni ikawa imezaa upuuzi, na walitaka kijana aonje jambo hilo kabla hajapewa watu wa kufa kweli.

Sisi tuko wanne. Mwalimu anafundisha historia sekondari, na ndiye mkubwa wetu kwa umri, kwa hiyo akifika shikamoo zinatangulia kabla ya matusi ya mezani. Fundi ni seremala wa Keko. Mhasibu ni dada wa benki anayekuja na daftari lake na binti yake wa darasa la tatu. Na mimi mwenye nyumba, Sinza, ambaye kila Jumapili ya mchezo meza yangu ya kulia inafunikwa plaiwudi la futi 4 kwa 8 na familia inalia chakula mapajani.

Visanamu vya kununua, vile vya milimita 28 vinavyotoka Uingereza, tuliviacha baada ya kupiga hesabu ya bei na usafiri. Vyetu ni vya karatasi ngumu, vinachapwa steshenari, vinakatwa kwa wembe na kusimamishwa juu ya kizibo cha soda. Kizibo kimoja watu hamsini. Rangi ni ya kucha, maana inakauka haraka na Kariakoo zipo za kila aina, ingawa muuzaji alinitazama vibaya nilipoomba kijivu, kaki na damu ya mzee kwa wingi. Vichaka vya Ras Kasone, rasi iliyo kando ya mji wa Tanga, ni madodoki. Minazi ni njiti za mishikaki. Manowari Fox aliichonga Fundi kwa kipande cha mninga, na imependeza kupita kiasi, kwa sababu ukiitazama unasahau kwamba ile siku ya kweli haikusaidia sana.

Ile siku ya kweli, kwa ufupi. Tarehe 2 Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza na Tanga ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Fox ya Waingereza iliingia bandari ya Tanga, na nahodha wake, Caulfeild, akamwita ofisa mkuu wa Kijerumani wa mji, Auracher, akamtaka asalimu amri. Kulikuwa na makubaliano ya awali ya kutoshambuliana, naye akaona haki itendeke, adui aarifiwe kwanza. Auracher akaomba muda wa kuuliza wakubwa, akashuka, na habari ikapanda kwenda kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambaye vikosi vyake vikubwa vilikuwa upande wa Moshi. Moshi na Tanga zilikuwa zimeunganishwa na reli. Basi wakati Waingereza wanashusha watu usiku kwenye ufuko wa Ras Kasone, katikati ya mikoko, wengi wao askari wa Kihindi waliotoka Bombay na safari ya bahari ikiwa imewamaliza, treni zilikuwa zinateremka. Tarehe 3 shambulio la kwanza likarudishwa. Usiku wake Lettow-Vorbeck akafika, akapanda baiskeli akaizunguka Tanga mwenyewe kuangalia adui yuko wapi. Tarehe 4 likaja shambulio kubwa, likavunjika, na nyuki wakaingia katikati. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini, wakaacha ufukweni bunduki mamia na risasi takriban 600,000. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea upande wao walipita 800. Wajerumani na askari wao jumla walikuwa kama 1,000 tu.

Wageni wanaokuja kutazama hutuuliza swali moja: ninyi mnashangilia nani? Ni swali zuri, na mezani halina jibu la haraka. Huku jeshi la Kaizari lililokuwa limemaliza miaka michache tu tangu kuteketeza vijiji vya kusini wakati wa Majimaji, na ndani yake askari ni Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Kule Mwingereza na watu wa Kashmir na Rajputana waliovushwa bahari kuja kufia kwenye mashamba ya minazi ya watu wasiowajua. Mwalimu hutoa hotuba hapo. Fundi hana hotuba: "Mimi niko upande wa nyuki."

Na kweli nyuki ni wake. Kanuni tulizitunga wenyewe, na Fundi ndiye anayeshika karata. Risasi nyingi zikipigwa vichakani, anafunua moja. Ikitoka joka, nyuki wametoka, na wanakwenda kwa kikosi kilicho karibu zaidi, cha yeyote. Ndivyo ilivyokuwa, mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, risasi zikaichokoza, na wadudu hawakuuliza bendera. Waliumwa wa pande zote mbili. Baadaye ikaenea hadithi kwamba Wajerumani waliwatega kwa makusudi, porojo ya aliyeshindwa na anayetafuta pa kuweka lawama. Naielewa porojo hiyo vizuri sana.

Jumapili ninayoisimulia nilipewa Waingereza. Nilikuwa nimejipanga. Jenerali Aitken wa kweli, aliyewaongoza Waingereza, alidharau adui, hakupeleleza, akachelewa. Mimi niliamua sina salamu na mtu: Fox isiingie bandarini, boti zishuke saa ileile, Tanga ichukuliwe kabla treni ya kwanza haijafika. Kanuni inaruhusu. Inachodai ni kwamba kila zamu ya kushusha watu nirushe dadu moja, nipate nne au zaidi, kwa sababu pale pana mikoko na usiku hauna mwezi mezani petu.

Sikupata. Zamu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Mhasibu akanong'ona kwamba kukosa hivyo mara nne mfululizo ni nafasi 1 kati ya 16, kana kwamba ananipa pole. Upande wa pili Mwalimu anarushia treni zake, anapata tano, anapata sita, na kila mara anasogeza vile vipande vya mbao za askrimu tulivyovigundisha kuwa reli, huku akipiga honi kwa mdomo. Nilipokuja kukanyaga mchanga, mpango wangu wa haraka ulikuwa umefika saa ileile aliyofika Aitken na uungwana wa Caulfeild.

Halafu kikosi changu cha Rajputi. Visanamu kumi, vimesimama vizuri, adui yuko wazi kwenye kingo za njia ya reli, kila kimoja kinahitaji tano au sita. Nilirusha dadu kumi kwa pamoja na hakuna hata moja iliyofika tano. Hiyo ni chini ya mara 2 katika 100. Binti wa Mhasibu aliziokota, akazigeuza moja moja kuangalia kama zina tano kweli. "Mjomba, zipo," akasema.

Kufika hapo wanaume wazima walikuwa wanakwepa kukaa upande wangu wa meza. Fundi anaamini gundu linaambukiza. Anaamini pia dadu inamzoea mtu, na kwamba nizibadilishe nikanunue nyingine nisizigusie mkono wa kushoto. Mhasibu ndiye aliyeleta sayansi. Kwa muda alikuwa anaandika kila nilichorusha kwenye daftari lake, na siku hiyo, umeme ulipokatika tukawa tunakunywa kahawa gizani kusubiri, akasoma matokeo kwa tochi ya simu. Wastani wa dadu ya pande sita ni 3.5. Wangu ulikuwa chini yake kidogo, kidogo mno, hata benki wasingeita hasara.

"Kwa hiyo kaka huna gundu," akahitimisha.

Nikamwambia wastani ni faraja ya watu wa benki. Sita zangu zipo, lakini zinatoka ninaporushia nani aanze, au ninapofyatua mzinga wa Fox kwenye pori tupu. Mbili inayotoka kwenye lango la Tanga haigawanywi na sita iliyotoka saa mbili zilizopita. Mwalimu akadakia kwamba hata Aitken wastani wake katika maisha ulikuwa mzuri. Alitumikia miaka mingi India bila tatizo.

Umeme ukarudi, tukaendelea, na hapa naomba niende polepole.

Jioni ya siku ya tatu ya mchezo hali yangu haikuwa mbaya kama dadu zilivyotaka. Nilikuwa nimejifunza zamani kwamba mtu mwenye gundu hapangi mambo yanayohitaji bahati mara tatu. Chukua jambo rahisi, la kuhitaji tatu au zaidi. Ukilirusha mara moja unafaulu mara 2 katika 3, na kila mtu anaona hiyo ni salama. Ukipanga hatua tatu kama hizo zifuatane, kikosi kivuke, halafu kipige, halafu kisimame, zote kufaulu ni mara 8 kati ya 27. Hiyo si salama tena, ni kamari. Wenye bahati hawaijui hesabu hii kwa sababu hawajawahi kuihitaji. Mimi nilipeleka watu wengi mahali pamoja kwa njia fupi, kikosi cha Lancashire kufuata reli, cha Kashmir kufuata ufuko, nikawaacha wale waliochoka nyuma hospitalini wasinirushishe chochote. Kashmir wakaingia mjini, wakachukua jumba la forodha, kama walivyofanya wale wa kweli. Njiani Fundi alifunua joka, na nyuki wakaenda moja kwa moja kwa bombomu, yaani bunduki ya rashasha, la Mwalimu lililokuwa linanimaliza. "Mzinga umenyamazisha mzinga!" Fundi akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikaa kwenye kiti.

Sasa ikaja kanuni ya tarumbeta. Hii Mwalimu aliidai mwenyewe, kwa kuwa imetoka kwenye historia. Jioni ya tarehe 4, ushindi ukiwa mkononi, tarumbeta ilipigwa upande wa Wajerumani ikaeleweka vibaya, na vikosi vyao vikaondoka kurudi kambini magharibi mwa mji, Kange. Tanga ikabaki tupu usiku ule. Waingereza wangeweza kuingia wakitembea, lakini hakuna aliyekwenda kuangalia. Kwetu sisi: kila jioni mwenye Wajerumani anarusha dadu moja, na akipata moja, askari wake wanaondoka mjini mpaka alfajiri. Mwingereza naye anaruhusiwa kurusha mara moja kwa usiku kutuma wapelelezi. Akipata tatu au zaidi ameona, anaingia. Akikosa, amelala.

Mwalimu akarusha. Moja.

Tulisimama wote. Mwalimu aliitazama ile dadu muda mrefu, kisha akaanza, kisanamu baada ya kisanamu, kuwatoa askari wake Tanga na kuwapanga ukingoni mwa plaiwudi. Mji mtupu. Hoteli ya Deutscher Kaiser tupu. Kashmir wangu wako nyumba chache kutoka hapo. Nahitaji tatu tu.

Nikapata mbili.

Fundi alitoka nje kabisa. Tulimsikia akicheka uani mpaka mke wangu akaenda kumuuliza, "Shemeji, kuna nini?" Mwalimu kwa heshima hakucheka, ila mkono wake ulipokuwa unarudisha askari mjini ulikuwa unatetemeka. Alfajiri bombomu zake zilikuwa juu ya paa, na zamu mbili baadaye nilikuwa nahesabu nani anapanda boti.

Baada ya hapo ndipo Mhasibu akaleta hoja, na alikuwa amejiandaa, kwa sababu karata alikuja nazo kwenye mkoba. Karata 36, kila moja imeandikwa jumla moja ya dadu mbili: 2 ipo moja, 7 zipo sita, 12 ipo moja, kama dadu zenyewe zinavyogawanyika. Kila mchezaji na pakiti yake. Unafunua badala ya kurusha. Mpaka pakiti iishe, kila mtu atakuwa amepata mabaya sawa na mazuri sawa. Haki kamili, na gundu langu limekufa kifo cha kihasibu. Fundi aliona ni jambo la huruma. Mwalimu alisema anaheshimu uamuzi wangu mimi, kwa kuwa ndiye mgonjwa.

Nilikataa, na naona walishangaa.

Nimetumia wiki nzima kuwaeleza sababu kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa hiyo naiandika hapa mara moja iishe. Mtu mwenye pakiti ya karata anajua kilichobaki. Ukishafunua mabaya matatu unajua mazuri yanakuja, unasubiri, unaweka shambulio lako mahali penye malipo. Hiyo ni akaunti ya akiba. Hakuna nahodha wala kamanda aliyewahi kukaa Ras Kasone akijua kwamba Mungu amembakizia karata nne nzuri. Yule aliyelala usiku wa tarumbeta hakulala kwa kuwa pakiti yake iliisha. Alikuwa amechoka, ameshindwa mchana kutwa, watu wake wametawanyika, na haikumjia kwamba adui aliyeshinda anaweza kuondoka. Uwezekano wa mambo mawili yale kukutana kwa kanuni yetu ni 1 kati ya 18. Ulitokea mwaka 1914 na ukatokea Sinza, na mchezo usioruhusu jambo la ajabu kama hilo utanifundisha Tanga nyingine, Tanga iliyonyooka, ambayo haikuwepo.

Sababu nyingine ni ya ubinafsi. Bila dadu Mwalimu atashinda kila Jumapili. Amesoma kuliko sisi, anakumbuka kila kikosi kilisimama wapi, anajua kwamba baadhi ya makampuni ya askari yalikuwa na bunduki za mwaka 1871 zinazotoa moshi mzito na kumwonyesha mpigaji alipo, na alishatunga kanuni ya kuficha udhaifu huo. Elimu ya namna hiyo inahitaji kupigwa breki na kitu kisichosoma.

Ila kuna mahali ambapo mimi, mtetezi wa dadu, nataka ziondoke kabisa, na hapo ndipo tulipo sasa na mabishano yetu. Wapagazi. Tanga ilikuwa vita ya siku chache karibu na reli, kwa hiyo meza yetu iliweza kujifanya kwamba risasi na unga vinajileta. Vita vilivyofuata, miaka minne mpaka Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, Novemba 1918, vilibebwa vichwani. Katikati ya mji, Mtaa wa Samora, askari wa shaba amesimama na singe yake tangu 1927. Soko ninakonunua rangi za kucha liko pale ilipokuwa kambi ya wapagazi wa Mwingereza, na walikufa kwa maelfu mengi, kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kwenye plaiwudi letu hawakuwa hata na kizibo.

Nimependekeza waingie, na waingie kwa hesabu tupu. Mpagazi anabeba kilo 25. Anakula kilo moja ya unga kwa siku. Mpeleke mbele siku kumi na mbili na umtake arudi siku kumi na mbili, mzigo karibu wote ameumaliza yeye mwenyewe na kikosi kilichomsubiri kimepata kilo moja tu. Ukitaka kikosi kipate kula, usimpe mpagazi chakula, na ndivyo ilivyokuwa ikifanyika. Hapo hakuna gundu wala bahati. Kamanda anakaa na karatasi, anagawanya, anachagua nani asile. Sitaki mchezaji apate nafasi ya kurusha dadu na kusema imetokea tu.

Mwalimu anapinga, anasema mvua na maradhi ni bahati pia. Mhasibu yuko upande wangu na ameshachora jedwali la unga. Fundi anauliza wapagazi arobaini watapatikana wapi, maana baa ya jirani wanatumia chupa za plastiki siku hizi na vizibo vya bati vimeadimika.

Meza inayofuata ni mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917, na nimepewa Wajerumani. Binti wa Mhasibu ameomba awe ananirushia dadu yeye. Mimi nimekubali haraka. Fundi anadai huo ni utapeli na ametaka suala lipigiwe kura.